Pawabanki ya elfu kumi imetuchomea godoro

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua.

Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika huku kwetu Mbagala, mke wangu akachomeka simu kwenye pawabanki akaiweka pembeni ya mto kama siku zote, saa nane usiku nashtuka nasikia kitu kinachachatika kama mafuta ya chapati, kugeuka kile kidude kinatoa moshi mweupe halafu puu, moto. Nikakisukuma na mpini wa fagio mpaka uani nikamwagia ndoo mbili za maji ndo kikanyamaza. Godoro lina tundu sahani inaingia, mke wangu kaungua kiwiko, mtoto bahati nzuri alilala kwa bibi yake.

Sasa siku ile stendi nilinunua mbili, elfu kumi kumi. Ile ya pili nikaipeleka kwa fundi simu, hata hakuifungua, kaipimapima mkononi akacheka, akaniambia twende kwa Mangi tuiweke kwenye mzani wa sukari. Gramu 130. Na imeandikwa 20,000 mAh (kipimo cha chaji inayobeba) jamani! Akanipigia hesabu, seli moja (kibetri cha ndani) ya zile za duara, nzuri kabisa, haizidi mAh 3,500 hivi na uzito wake gramu 45 na kitu, kwahiyo elfu ishirini inataka seli sita, karibu gramu 280 hata kava hujaweka. Kuifungua, seli mbili tu tena kuukuu zimevalishwa plastiki mpya, na kile kisakiti cha kukata chaji zikifika volti 4.2 hakuna, zinachajiwa tu mpaka zitakapochoka zenyewe. (Wapo wanaojaza mchanga ili iwe nzito, hao sasa mzani hauwapati.)

Samsung mwaka 2016 waliita simu zao za Note 7 kama milioni 2.5 zirudi kwa ajili ya betri kuwaka. Hizi za stendi anaziita nani? Nilimrudia yule muuzaji akanijibu "broo ulichaji vibaya".

Mimi naomba wanaokagua mizigo bandarini waweke na mzani pale, kartoni ya pawabanki ikiwa nyepesi kama ya biskuti wasiipitishe, hiyo hata haihitaji maabara.

Ile ya pili bado iko kwa fundi, kaizika kwenye kopo la mchanga nje ya kibanda, anasema ndani hailazi.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam