Mdogo wangu, hiyo tai ifungue kwanza

Mdogo wangu,

Picha ya nguo zako za usaili uliyonitumia WhatsApp nimeiona, shati safi, suruali imenyooka, viatu sina neno, ila ile tai iliyoning'inia msumarini ikiwa imefungwa tayari ndo imenifanya nikae niandike. Naandika hapa wazi maana sio wewe peke yako, wateja wangu wengi hapa Mlango Mmoja, Mwanza, ninapouza nguo, wako hivohivo, mtu anafungiwa tai siku ya mahafali basi fundo halifunguliwi tena, akitaka kuvaa anaipitisha kichwani anavuta, akivua analegeza anaitundika, mwaka unaisha. Ifungue leo leo. Kitambaa kikikaa kimekunjwa sehemu moja muda wote huo kinachakaa palepale kwenye mkunjo, na kile kitambaa kizito cha ndani ambacho ndo kinaipa tai umbo lake kinajipinda, mwisho fundo linakuwa dogo gumu kama kokwa ya zambarau na hata upige pasi vipi halirudi.

Alafu nataka ujifungie mwenyewe. Siku ya usaili asubuhi hutakuwa na mtu wa kumwomba, mama mdogo hajui, na kumsimamisha mtu usiyemjua pale kwenye benchi nje ya ofisi akufungie sitaki ikukute. Jifunze fundo moja tu, linaitwa four-in-hand, ulijue hata umeme ukikatika.

Najua utataka lile kubwa la pembetatu, Windsor, maana vijana wote wakija bandani kwangu wanataka hilo. Mimi nakukataza na sababu ninazo. We ni mrefu na shingo yako nyembamba, Windsor inazungushwa mara nyingi kwa hiyo inakula urefu wa tai, ukimaliza ncha inaishia juu ya kitovu, na fundo lenyewe linasukuma kola pembeni. Linapendeza kwenye kola iliyotanuka na kwa mtu mwenye shingo nene. Wanaume wanadhani ni fundo la kifalme kwa sababu ya Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti mwaka 1936 akaitwa Duke wa Windsor, kumbe mwenyewe alikuwa anafunga fundo la kawaida, ila tai zake alizitengenezesha nene ndo maana fundo lilionekana limejaa. Mwaka 1999 wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walikaa wakahesabu njia zote za kufunga tai wakapata 85, na katika hesabu yao hili ninalokupa we lina hatua 4 wakati Windsor ina 8. Ukilitafuta YouTube andika four-in-hand.

Simama mbele ya kioo, kola umeinyanyua, kifungo cha juu umekifunga (kifunge kweli, usikifiche na tai). Upande mpana uwe kulia kwako na ushuke chini kuliko mwembamba kwa kama sentimita 30. Pitisha mpana juu ya mwembamba uende kushoto, uzungushe kwa nyuma urudi kulia, uupitishe tena mbele kwenda kushoto, hapo sasa uuingize kwa chini upitie kwenye uwazi wa shingoni utokee juu, alafu ushushe ndani ya ule mkanda uliojitengeneza mbele. Usivute bado. Weka kidole cha shahada chini ya fundo, bonyeza katikati, bana pembeni kwa vidole viwili, ndo uvute taratibu, kitabaki kibonyeo kimoja kizuri, na hicho kibonyeo ndo kinachotofautisha aliyejifunga na aliyevuta tu. Kisha shika mwembamba kwa mkono mmoja, kwa mwingine pandisha fundo mpaka lifike kwenye kola. Litaegemea upande kidogo, liache, ndivyo lilivyo. Ncha iguse chuma cha mkanda wa suruali, ikipita au isipofika fungua uanze upya ukibadilisha ule urefu wa mwanzo, mwanzoni utarudia sana na wala usikasirike.

Kuhusu tai yenyewe, ile inayong'aa iache nyumbani. Chukua ya bluu iliyokoza au maruni, isiyo na michoro mingi, upana wa kama sentimita 8 ulingane na kola ya koti. Ukipita mitumbani kabla hujaja kwangu, ishike tai katikati uiache ining'inie, ikijizungusha yenyewe usinunue. Tai nzuri inakatwa kitambaa kikiwa kimelazwa mshazari, ndo maana inanyooka na kurudi, ufundi huo wa kukata mshazari vipande vitatu na kuviunga aliusajili Jesse Langsdorf wa New York miaka ya 1920 na mpaka leo watu wanashona hivo. Geuza nyuma uone uzi mmoja umeachwa kama kitanzi, huo usiukate hata kidogo, ndo unaoruhusu mshono kulegea unapofunga, nimeona watu wanaukata wakidhani uchafu na tai inafumuka yote. Ya hariri usiipige pasi moja kwa moja, weka kitambaa juu yake, na ikidondokewa mchuzi usiifue na Omo, niletee.

Siku yenyewe usivae tai ukiwa Kamanga. Upepo wa kwenye kivuko utaipiga usoni mpaka mjini na jasho la kwenye daladala litaimaliza, na kola nayo itakuwa imelowa. Iviringishe kuanzia ule upande mwembamba, iweke mfuko wa ndani wa koti, ukishuka njoo moja kwa moja bandani, kioo ninacho. Ukishafunga, mwembamba upitishe kwenye kile kitanzi cha kitambaa kilichoshonwa nyuma ya mpana (sio ule uzi) usipeperuke.

Anza kujizoesha jioni hii, na usiku nipigie video nikuangalie ukifunga. Koti usinunue huko Sengerema, jana nimefungua belo na kuna la bluu la kipimo chako nimelitundika pembeni.

Dada yako