Vizibo vya pampu

Dallas, 28 Novemba

Swahibu yangu,

Salamu nyingi, na hongera ya nyumba. Picha nimeziona. Shemeji kapendeza kweli, lakini jicho langu lilimpita likaenda kwenye yale mabomba meupe nyuma yake, yaliyosimama wazi kando ya pampu ya bwawa lenu la kuogelea. Wewe mtu wa Tanga, ukapitia Phoenix. Baridi ya kupasua bomba hujakutana nayo.

Wenzetu wa Minnesota, kule kaskazini kwenye baridi kali, hulifunga bwawa mapema, Septemba au Oktoba. Wanapuliza mabomba kwa hewa mpaka yakauke, wanaziba matundu, wanafunika, basi, hadi majira ya kuchipua. Sisi Texas tunaliacha wazi mwaka mzima, kwa hiyo baridi ikija inayakuta mabomba yamejaa.

Februari 2021 ndiyo iliyonifunza. Kwenye boksi la pampu kuna kihisi: baridi ikishuka nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, pampu inajiwasha, na maji yanayotembea hayagandi upesi. Nikalala nikikitegemea. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15 umeme ukakatika, na kihisi bila umeme ni pambo tu. Nikatoka na tochi kumwaga maji ya pampu. Vizibo vyake vya chini, vya kumwagia maji, havikuwa vimefunguliwa tangu tuhamie. Kimoja kiligoma kabisa, cha pili nilikizungusha kwa koleo kikavunjika kichwa, vidole vimekufa ganzi, watoto ndani wanalia baridi. Nikaliacha bwawa na Mungu wake.

Kesho yake asubuhi ilikuwa nyuzi 19 chini ya sifuri. Hapa Dallas, bwana! Kile kifuniko cha pampu kinachoonyesha ndani kilikuwa kimepasuka kama nyota, na chini yake pande la barafu lililochukua umbo la kikapu cha kunasia takataka, majani mawili yamenasa katikati. Maji yakiganda huongezeka kama asilimia 9, na ndani ya pampu hayana pa kwenda. Nikadhani hasara ni pampu tu. Barafu ilipoyeyuka ndipo chujio nalo likaanza kutiririsha maji ubavuni. Mafundi wote walikuwa na foleni. Wangu nilimngoja wiki tano.

Sasa sikiliza. Umeme ukiwepo, acha pampu izunguke usiku na mchana, na kila valvu iwe wazi japo kidogo, hata ya yale maporomoko ya urembo. Bomba lisilopitisha maji ndilo huganda kwanza. Umeme ukikatika, usikae kungoja tangazo la kwamba utarudi saa ngapi. Zima breka ya pampu kwanza, ile swichi yake ya kukatia umeme, maana umeme ukirudi ghafla itazunguka kavu iungue. Halafu fungua vizibo vya chini: vya pampu, cha chujio, vya hita. Fungua na kifuniko cha pampu na kile kivalvu cha hewa juu ya chujio, la sivyo maji mengine yatabaki. Vizibo vyote tupia ndani ya kikapu cha pampu, usije kuvitafuta kwenye majani Machi. Ila angalia: kama pampu iko chini ya usawa wa maji, funga valvu kabla ya yote, ama utalimwaga bwawa zima uani kwa jirani.

Kwenye skima, lile tundu la ukutani linalovuta takataka za juu ya maji, simamisha chupa ya soda yenye kokoto kidogo ndani, kifuniko kimekazwa. Barafu ikitanuka itaiminya chupa, si kuta. Na dawa ya kuzuia kuganda, ile ya rejeta ya gari, usithubutu kuitia, ni sumu. Ipo ya mabwawa, inauzwa.

Jumamosi nitapita na spana, mwambie shemeji apike mihogo ya nazi. Lakini vizibo usiningoje. Vijaribu leo jua lingali juu, vipake grisi ya silikoni, na kikikugomea nipigie simu kabla hujashika koleo.

Wako,
Mwenzio wa Chumbageni