Barabara ya Marangu nayo ipewe siku yake ya baiskeli

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mi ni mkazi wa Moshi, baiskeli naendesha tangu niko shule ya msingi, na hili jambo limenikaa moyoni nimeona niliseme.

Mwaka jana nilienda kumtembelea rafiki yangu, tumekua wote Kibosho ila sa hivi anafanya kazi Uswisi, tukapanga kupita milima ya Alps kwa baiskeli siku nane, mizigo tumeifunga nyuma kwenye keria basi tukaondoka. Tulianzia Andermatt tukapanda njia ya mlimani ya Furka, mita 2,429 juu ya usawa wa bahari, tukashuka Gletsch na hapohapo tukaanza kupanda Grimsel, mita 2,164. Kule Furka kuna barafu ya mto Rhone, kiangazi sehemu yake wanaifunika mablanketi meupe ili isiyeyuke haraka, na mimi ninayeamka kila siku naangalia Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye barafu, nilisimama pale mpaka rafiki yangu akaja kunishika mkono twende.

Ila kilichonifanya niandike ni barabara ya mlimani ya Stelvio, Italia. Ile barabara ilijengwa kati ya 1820 na 1825, wakati eneo lile liko chini ya Austria, injinia wake alikuwa Carlo Donegani, na ukipandia upande wa Prato unakutana na kona 48 zile za kujikunja kabisa, kila moja na namba yake, chini unaanza na 48 halafu zinapungua mpaka 1. Juu ni mita 2,757. Kwa sisi wa huku hiyo ni juu kidogo ya Mandara, yaani ni lami inayokufikisha pale wageni wanapolala usiku wa kwanza wakipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu!

Sasa kila mwaka, kiangazi kikielekea mwisho, wanatenga siku moja magari na pikipiki hayapandi, barabara ni ya baiskeli tu, na sisi tuliiwahi siku hiyo. Aisee. Unasikia cheni, unasikia watu wanavyohema na kengele za ng'ombe kule bondeni, basi. Kuna wazee wa umri wa baba yangu, kuna mama kamfunga mwanae kiti cha nyuma, wote wanapanda taratibu hakuna wa kuwapigia honi. Kona ya 22 miguu ilinigomea kabisa, rafiki yangu akaniambia, "Kaka usiangalie juu, soma namba tu." Nikasoma namba. Kule juu baridi ilikuwa kali, akanunua gazeti akalichana nusu kwa nusu tukajaza kifuani ndani ya jaketi ili upepo usitupige tukishuka, na kweli lilisaidia sana, vidole tu ndo viliganda kwenye breki.

Nimerudi nyumbani, nikapanda barabara yetu ya Himo kwenda Marangu mpaka getini, ambako ni zaidi ya mita 1,800. Lami ipo, migomba huku na huku, maji yanashuka pembeni, kwa kweli uzuri hatujapungukiwa. Lakini Noah moja ilinipita kwenye kona karibu sana hadi kioo chake kikanigusa kiwiko, nikaingia mtaroni na baiskeli yangu, spoku tatu zikakatika. Na mimi naenda kwa kupenda, je wale vijana wanaopandisha majani ya ng'ombe kwenye baiskeli kila siku, mzigo umewazidi upana, wanajificha wapi?

Ombi langu kwa wahusika wa mkoa ni Jumamosi moja tu kwa mwaka, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, Himo mpaka geti la Marangu magari yasubiri. Nasema Jumamosi kwa sababu Jumapili watu wanaenda kanisani, na magari ya watalii yanaweza kupanda baada ya hapo, wagonjwa wapite muda wowote. Tusiambiwe haiwezekani maana Kili Marathon tangu 2003 tunapisha wakimbiaji barabarani na mji unaendelea vizuri tu.

Mimi na wenzangu tupo tayari kusimama kwenye kona kuelekeza watu, na kona zenyewe tukiruhusiwa tutaziandika namba, rangi nanunua mimi.

Mwendesha baiskeli,
Soweto, Moshi