Orodha ya vifaa vya ushonaji iseme ni uzi gani

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee haya madarasa ya likizo ambapo watoto wanafundishwa kushona kwa mkono, hasa blanketi za viraka. Ni jambo zuri sana na mimi naliunga mkono kabisa, ila vifaa jamani, vifaa vinawavunja moyo watoto.

Likizo ya Desemba binti yangu wa miaka 9 alirudi analia, ananiambia mama mimi sina mkono wa kushona. Nikachukua kitambaa chake nikakiangalia, uzi ni ule wa poliesta wa kwenye koni, wa cherehani, mwembamba na unateleza, halafu kaukata mrefu kuliko yeye mwenyewe, mstari mmoja wa bandi (ule mshono wa kupitisha sindano juu na chini) una mafundo manne. Nikamkalisha chini nikampa uzi wa pamba, nikampimia dhiraa yake yeye, kuanzia ncha ya kidole mpaka kiwiko, basi, nikaupitisha kwenye kipande cha nta ya nyuki mara mbili ndo akatunga sindano. Akapiga bandi mstari mzima hajakwama hata mara moja. Mtoto ni yule yule na mkono ni ule ule.

Karatasi tuliyoletewa wazazi iliandikwa tu "uzi na sindano". Sasa mzazi anaenda dukani anachukua cha bei rahisi, hana kosa, hajui. Wengine walikuja na shazia ya kushonea magunia, mtoto akiichomeka kwenye kitenge inaacha tundu unaona upande wa pili! Sindano za mkono zina namba, na namba ikiwa kubwa ndo sindano inakuwa nyembamba, wengi tunadhani kinyume. Kwa mtoto anayeanza namba 7 au 8 inatosha, inashikika na tundu lake linaonekana.

Na uzi wa pamba unaujua hivi, mtu mzima (sio mtoto) akate kipande kidogo akichome na kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi inabaki jivu laini, poliesta inayeyuka inafanya kidonge kigumu cheusi na harufu ya plastiki. Hata vitambaa pima hivyo hivyo, mana vitenge vingi siku hizi vimechanganywa. Kinachoniuma ni kwamba Simiyu na Shinyanga tunalima pamba, sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa marobota, afu mimi nazunguka maduka matatu natafuta uzi wa pamba.

Vitambaa wala visiwape shida, fundi cherehani yeyote ana mfuko wa mabaki chini ya meza, muombe tu kwa adabu atakupa. Vifueni kwanza, vitenge vipya vina wanga vinakuwa vigumu na vingine vinachuja rangi. Chini ya viraka wekeni amerikani, kile kitambaa cha pamba cha kawaida kisichotiwa rangi, msiweke shuka la kitandani, lile limefumwa likabana sana na kidole cha mtoto hakiwezi kusukuma sindano mpaka itokee. Katikati ya viraka na amerikani, blanketi jepesi lililochakaa linafaa kuliko jipya nene. Chaki ya fundi kama haipo, kipande cha sabuni kilichobaki bafuni kinachora mstari vizuri tu na kikifuliwa kinatoka. Subana, kile kifuniko cha kidole cha kusukumia sindano, mnunulieni kila mtoto inayomkaa kidoleni, ya mama inamvuka.

Ombi langu kwa walimu ni dogo, likizo ijayo kwenye ile karatasi andikeni uzi wa pamba, sindano namba 7, nta kipande, subana ya mtoto. Tutatafuta, hata kama ni kuchangishana tununue pamoja tutanunua. Binti yangu sasa hivi ana viraka 20 ameshaviunga, anataka vifike 48 ndo aanze kuweka blanketi ndani.

Ni mimi mama mzazi,
Morogoro