Bagamoyo iliyopima chanjo ya malaria sasa ipime mifupa ya mama zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa moyoni tangu nilipostaafu uuguzi. Hapa Bagamoyo utafiti wa tiba si kitu kigeni. Mama wa Kaole au Nianjema anaijua fomu ya ridhaa, anajua ana haki ya kukataa na hata kujitoa katikati, na anajua ampigie nani simu mtoto akichemka usiku. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lilifanyika kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 wa nchi 7 za Afrika. Kati ya vituo vyake 11, viwili vilikuwa vyetu: Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, na Korogwe mkoani Tanga, chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, na baadaye ile ya R21 Oktoba 2023, watoto wa hapa walikuwa wamechangia ushahidi wa zote mbili.

Ombi langu ni kwamba watafiti haohao, maabara hizohizo na imani hiyohiyo ya wananchi, sasa viwafikie na watu wazima. Nazungumzia maradhi ya homoni, afya ya mifupa na zile saratani zinazostawi kwa homoni, hasa ya titi na ya tezi dume.

Huku kwetu mambo haya tunayatenga. Mwenye uvimbe wa titi anapelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, aliyevunjika nyonga analazwa na majeruhi wa bodaboda, mwenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, anasubiri daktari wa upasuaji. Ndani ya mwili hayatengani hata kidogo. Mfupa kila siku unamegwa na kujengwa upya, na kwa mwanamke estrojeni, homoni ya kike, ndiyo inayozuia umegaji usiupite ujenzi. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, na mifupa inaanza kupungua. Lakini estrojeni hiyohiyo ndiyo inayozilisha saratani nyingi za titi. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi uvimbe wa titi uliokwisha kusambaa ulivyonywea baada ya kumtoa mgonjwa ovari, vifuko vya mayai vinavyotoa estrojeni. Mwaka 1941 Charles Huggins, kule Chicago, akaonyesha kwamba saratani ya tezi dume nayo inarudi nyuma mgonjwa akiondolewa korodani, zinazotoa homoni ya kiume, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tangu hapo sehemu kubwa ya tiba ya saratani hizi mbili ni kuzinyima homoni. Ukiinyima saratani, unaunyima na mfupa.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Mzee anayeondolewa korodani au kuchomwa sindano za kushusha testosteroni, ndiyo hiyo homoni ya kiume, anaongezewa maisha, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Anarudi nyumbani Magomeni au Dunda, na kadiri miaka inavyokwenda mifupa yake inazidi kudhoofika bila yeye wala wanawe kuambiwa. Kwa akina mama jambo ni gumu zaidi. Tamoksifeni, dawa ya bei nafuu iliyookoa maisha ya wanawake wengi duniani, humkinga kiasi mifupa mama aliyekwisha kukoma hedhi. Yule anayeendelea kupata hedhi, vidonge vilevile humpunguzia mifupa. Na wagonjwa wa titi niliowahudumia, wengi walikuwa bado katika umri wa kuzaa. Kwa hiyo matokeo yaliyopatikana kwa bibi wa miaka 65 wa Ulaya hayawezi kuhamishiwa kwa mama wa miaka 40 wa Bagamoyo hivihivi tu.

Faida ya kupima badala ya kudhani tumekwisha kuiona kwa wenzetu. Kwa miaka mingi madaktari wa Marekani waliwaandikia akina mama vidonge vya homoni baada ya kukoma hedhi, wakiamini vinalinda kila kitu, moyo ukiwamo. Likafanyika jaribio kwa wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79, nusu wakipewa estrojeni pamoja na homoni nyingine, projestini, nusu vidonge visivyo na dawa. Julai 2002 likasimamishwa kabla ya muda. Kuvunjika nyonga kulipungua kwa takriban theluthi moja, lakini saratani ya titi iliongezeka kwa asilimia 26, na magonjwa ya moyo na kiharusi yakapanda. Kwa hesabu ya wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, nyonga 5 ziliokolewa na saratani 8 za titi zikaongezeka. Mizani ya namna hiyo haijulikani kwa kukisia. Na wanawake wale walikuwa wengi wao wazungu, wenye chakula, kazi na uzazi tofauti kabisa na wa mama wa hapa aliyezaa saba na kunyonyesha wote.

Shangazi yangu mzaa baba aliteleza uani alfajiri akienda kutia udhu. Hakudondoka kutoka juu ya mnazi wala kutoka juu ya ngazi, ameanguka kwa kimo chake tu, nyonga ikavunjika. Hospitali alikopelekwa waliandika "ameanguka", wakampa dawa za maumivu. Hakuna aliyeuliza hedhi yake ilikoma lini, wala aliyeuliza kuhusu prednisoloni aliyoimeza miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya pumu, ilhali hiyo ni miongoni mwa dawa zinazojulikana sana kwa kudhoofisha mifupa. Nyumbani akaletewa mganga wa kuunga mifupa. Hakutembea tena.

Yapo maswali ambayo Bagamoyo ina nafasi ya pekee ya kuyajibu. Mwaka 2012 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha vipimo vya vitamini D, ambayo mwilini hufanya kazi kama homoni, kutoka kwa Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania. Wastani ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakautumia kueleza kiwango cha asili cha binadamu anayeishi juani. Ni kazi nzuri. Lakini mama wa mjini anayevaa baibui na kushinda jikoni akichoma vitumbua, je, naye yuko hapo? Kilomita chache tu, Mlingotini, wako akina mama wa mwani wanaoinama juani kutwa bamvua linapotoka. Makundi mawili, pwani moja, samaki walewale. Mtafiti atatafuta nini zaidi?

Wapo pia wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye tenofovu, ambayo hupunguza uzito wa mifupa kwa kiasi. Dawa hizo zimewafikisha uzeeni, na wasiziache hata siku moja. Ila wanawake hawa sasa wanaingia umri wa kukoma hedhi, na wanastahili kufuatiliwa. Kuhusu rovu sitasema mengi, kwa kuwa chumvi yenye madini joto imefanya kazi kubwa. Nitaomba tu wachumvi wadogo wa pwani yetu wasaidiwe kuitia madini hayo kwa kipimo, kwani yakipungua yanaiumiza tezi ya shingo na yakizidi yanaiumiza pia.

Najua wapo watakaosema mumiani wamerudi kutafuta damu. Maneno hayo tuliyasikia wakati wa chanjo, na yaliyeyuka pale majibu yalipoletwa na kusomwa mbele ya wazazi kwa Kiswahili. Watu wazima wapewe heshima hiyohiyo.

Pa kuanzia hapahitaji mashine ya mamilioni. Kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vya afya, kila anayekuja amevunjika na umri wake umevuka miaka 50, aandikwe ameangukaje, hedhi imekoma lini kama ni mama, na anatumia dawa gani. Tukiwa na mwaka mmoja wa kumbukumbu hizo, Ifakara watakuwa na msingi wa kujenga utafiti. Na wagonjwa wa Bagamoyo wanaorudi kutoka Ocean Road na Muhimbili na vidonge vya titi au sindano za tezi dume, majina yao yafike kwenye zahanati zao, kwa siri ya kitabibu, ili wafuatiliwe mifupa pamoja na uvimbe. Wauguzi wastaafu tupo wengi hapa mjini, nyumba tunazijua na watu wanatufungulia milango. Tukiitwa kufanya kazi hiyo, tutakuja.

Muuguzi mstaafu,
Magomeni, Bagamoyo