Somo, nisaidie kumshawishi Bibi

Ngamiani, Tanga
Ijumaa usiku

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Hujambo? Wanao hawajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila mvua imetuchosha, uani hakukauki. Yule wetu wa Makorora kajifungua salama, mtoto wa kike, nitakusimulia siku nyingine maana kisa cha jina peke yake kinataka barua nzima. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu huwa nalia kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Barua anakuletea kijana wa Mama Duka, anapanda basi la alfajiri pale Kange. Hayo machungwa ni ya Muheza, kula na wanao.

Neno lenyewe ni Bibi. Bibi haoni, somo.

Mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia anasema ni kama kuna moshi wa kuni mbele yake siku nzima. La kushoto anajua mchana na usiku, na anajua mtu kasimama, lakini ni nani hajui mpaka aseme. Na ametuficha, nadhani mwaka mzima. Nyumba ile anaijua kwa nyayo, mkono unajua chumvi iko wapi na kibiriti kiko wapi, sauti zetu anazijua zote, basi nani angeshuku? Vitumbua anachoma kama kawaida. Anasikiliza mafuta.

Nimegundua Alhamisi moja ya mwezi uliopita, kwenye ule msiba wa Barabara ya 7. Umeshasikia nani, sina haja ya kukutajia, Mungu amrehemu. Anayemsaidiaga Bibi kuosha maiti alikuwa na homa, Bibi akaniambia, "Mke mwenzangu, leo unanishikia ndoo." Mimi mwenyewe unanijua, sijawahi kuingia chumba kile zaidi ya mlangoni. Nikaingia. Bibi akaanza na sanda. Unakumbuka anavyokata sanda? Anapima kwa mkono, kidole mpaka kiwiko, anatoboa ukingo kwa meno, halafu anachana mara moja, mstari umenyooka kuliko wa fundi cherehani. Siku ile akachana ile ya kanzu sawa, na shuka ya chini sawa, alipofika kwenye ushungi akachana, akaushika upande huu, akaushika upande ule, akaupima tena kwa shubiri. Umepungua. Akatulia hivi, kitambaa mkononi, macho yanatazama ukutani. Halafu akaanza kukichana vipande vyembamba, akaniambia, "Hizi ni kanda za kufungia," akachana ushungi mwingine. Wale wengine hawakuona kitu. Mimi niliona. Bibi hajapata kukosea sanda tangu tuzaliwe.

Usiku nikachukua daftari lake. Lile la jalada la kijani analoweka chini ya mto, ambalo mimi na wewe tulipigwa kwa kulichezea. Nilikuwa sijui ndani kuna nini hasa, nilidhani ni la upatu. Somo, ni wote aliowaosha. Kila mmoja na mstari wake: siku, mtaa, mama wa nani. Mama yangu yumo. Nyanya yako yumo. Kurasa za mwanzo herufi kubwa za mviringo, kila moja imekaa juu ya mstari kama ndege kwenye waya. Kurasa za mwisho mistari inapanda, inashuka, jina hili limeandikwa juu ya jina lile, halisomeki hili wala lile. Msiba wa Mfungo Mosi kauandika kwenye jalada lenyewe, nje, nadhani alijua yuko kwenye ukurasa.

Nililia sana. Unajua zile herufi kazipatia wapi. Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipotangaza ule kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, Bibi alikuwa Pangani na watoto wawili, hajui hata kuandika jina lake. Akaenda kwenye kisomo jioni baada ya shamba, mtoto mmoja mgongoni. Aliyemfundisha alikuwa mtoto wa darasa la saba, na Bibi alikuwa anamwamkia, anasema mwalimu ni mwalimu. Alipojua kusoma akawa anafundisha wenzake chini ya mwembe, bila senti. Ilipokuja "Mtu ni Afya", ile kampeni ya afya ya redioni, mwaka 1973 ndiye aliyekuwa anawasomea kile kitabu wanakikundi wenzake, redio ikiwa kwenye kigoda, wiki baada ya wiki, wakimaliza kusikiliza wanashika majembe wanaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Mpaka leo akiona kopo limejaa maji ya mvua atalimwaga, liwe la kwake, liwe la jirani, hata la mtu asiyemjua. Mtu huyo ndiye leo anaandika jina juu ya jina na hajui.

Sasa sikiliza. Nilimpeleka kupimwa. Hapa kwetu kuna mahali tuliambiwa njoo wiki ijayo mara tatu, Bibi kajitanda, kakaa kwenye benchi toka saa moja asubuhi, tunarudi vile vile. Mara ya nne tukapata daktari, kijana mpole, akamweleza vizuri kwamba kioo cha ndani ya jicho kimeingia ukungu, watakitoa na kumwekea lenzi ya bandia, shughuli yenyewe haifiki saa moja, ganzi ya jicho tu, hatalazwa usingizi. Akatushauri twende Dar. Bibi alikuwa anaitikia vizuri, naam baba, naam baba. Mpaka yule daktari aliposema watafanya jicho moja kwanza, la pili baadaye, na baada ya hapo ni matone kwa wiki kadhaa, asibebe kizito, maji yasiingie jichoni, na asiiname.

Bibi kusikia "asiiname" akavaa ndara zake.

Njiani hakusema kitu. Tumefika nyumbani, nimemtilia chai, ndipo akaniambia, "Muosha asiyeinama ni muosha gani? Jicho moja mwezi, jicho la pili mwezi. Miezi miwili. Akifa mtu Ngamiani nitamwambia angoje nipone?" Nikamwambia, Bibi, wako waosha wengine. Akaniuliza nani. Nikanyamaza, maana yule wa Chumbageni miguu imevimba hatoki, na yule mwingine kahamia kwa mwanawe Korogwe. Wasichana wanaogopa. Wanakuja msibani kupika pilau na kupiga picha, chumbani hawaingii.

Na siyo kuosha tu, somo, ungeona hiyo nyumba sasa hivi. Masufuria ya kikundi chetu cha kufa na kuzikana bado yako kwake, sahani, majamvi, ile ndoo kubwa ya bati, na usiku wa manane mtu akigonga Bibi ndiye anayefungua. Wajukuu watatu wa marehemu mjomba anao yeye. Yule mdogo anatembea sasa, anaburuta kila kitu, na Bibi anamfuata kwa kumsikiliza. Jumatatu na Alhamisi anapika uji kwa wale watoto wa mwisho wa mtaa ambao mama yao anatoka alfajiri kwenda soko la samaki. Nikisema naye apumzike ananiambia amepumzika sana mwaka aliovunjika mkono. Somo, mwaka aliovunjika mkono alikuwa anasuka ukili kwa mkono mmoja, ncha nyingine kaibana na kidole cha mguu!

Inaniuma hivi: huyu mtu hajawahi kumnyima mtu. Mama yako alipolazwa Bombo wewe ulilala kwenye kitanda chetu miezi mingapi? Hukuulizwa unaondoka lini. Leo yeye ndiye mwenye haja na hataki kupokea. Hata zile pesa tulizochanga wajukuu kazifunga kwenye pindo la kanga, kesho yake nasikia kamlipia mtu madaftari ya shule.

Basi juzi usiku kaniita. Nimekaa miguuni pake namkanda. Akaniambia nitaenda Dar, kwa sharti moja: ule mkoba uwe na mtu. Unaujua ule mkoba wa ukili nyuma ya mlango. Ndani mna mkasi, pamba, udi, karafuu maiti kwenye kichupa cha zamani cha dawa ya kikohozi, na mfuko wa majani ya mkunazi makavu. Akanishika mkono akauweka juu yake. Hakusema kitu kingine.

Nimeanza kujifunza. Nimesema nimeanza, sijasema naweza. Ananifundisha na mto wa kulalia, ameulaza mkekani, ameufunika kanga. Unaanza upande wa kulia. Maji unamwaga taratibu kama unamwagia mtoto mchanga, hata kama ni mto. Sitara isitoke kitovuni mpaka magotini hata upepo ukija. Nywele mikia mitatu. Witiri, hesabu isiyogawanyika kwa mbili: mara tatu, haikutosha mara tano. Vitambaa vitano, na pamba yenye karafuu maiti penye paji la uso, pua, viganja, magoti, vidole vya miguu, pale panapogusa chini mtu akisujudu. Na unachokiona chumbani, kovu, kidonda, chochote, unakizika kabla yeye hajazikwa. Hili kalirudia mara nyingi kuliko yote. Mwenyewe ameosha nusu ya wanawake wa mitaa hii na sijasikia neno moja kutoka kinywani mwake.

Naogopa, somo. Siogopi maiti. Naogopa ile siku. Unanielewa? Ninajifunza, mkono wangu unazoea, na moyoni najua siku moja nitakayemwanzia upande wa kulia ni nani. Yeye anajua kwamba najua. Jana nilisimama katikati ya somo lenyewe nikatoka nje nikajifanya naangalia sufuria.

Sasa ombi. Aje kwako huko Dar. Nitamleta mwenyewe, nilale siku mbili nirudi, maana mkoba utakuwa na mimi huku na hiyo ndiyo ahadi. Wewe ukimwambia atakubali kuja kukaa kwako, kwangu mimi anaona namlilia tu. Mpigie, lakini usimwambie nimekwambia haoni. Mwambie unamhitaji, watoto wanakusumbua, hawajui Kurani, chochote. Akisikia anahitajika atapanda basi hata kesho.

Niambie: kile chumba cha uani kina mtu? Choo ni cha kukaa? Kuna ngazi? Ukiwa kazini nani atamtia matone ya mchana, yule binti bado uko naye? Kutoka kwako hadi hospitali ni daladala moja au mbili? Kadi yake ya matibabu ya wazee aje nayo au huko hawaijali? Na wewe, ulivyokuwa unamsaidia mama yako mkubwa siku zile, ulifanyaje mikono isitetemeke? Jumatano nataka niwe nimekata tiketi, kwa hiyo nijibu kabla.

Msalimie shemeji. Wabusu watoto.

Ni mimi somo yako.

Nilikuwa nimeshamaliza, Bibi kaamka kauliza naandika nini usiku huu. Nimemwambia namwandikia somo. Kasema nimwachie nafasi atie salamu zake kwa mkono wake. Nimemwachia ukurasa mzima. Ikikushinda kusoma, kasema hivi: "Salamu sana mke mwenzangu. Kanga yangu ya Idi bado sijaiona."