Mwanangu Elia, kuhusu ile stika uliyotuma

Mwanangu Elia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Moshi wote wazima, bibi yako anakusalimia.

Kuna kitu kimenikaba kooni tangu juzi. Kwenye grupu la ukoo mtu katuma habari ya yule dada mwandishi anayetishiwa, wamemwambia wanajua anapokaa na mtoto wake anasoma wapi, na we ukajibu kwa stika ya kucheka alafu ukaandika "ataisoma namba". Kisa anaandikia gazeti la wale usiowapenda.

Mimi nauza magazeti hapa stendi, huniambii kitu kuhusu magazeti kuwa na upande. Kila asubuhi watu wanajaa mezani wanasoma vichwa vya habari bure, huyu anashika hili yule anamwambia achana nalo hilo la chama. Na ni kweli, Uhuru ni la CCM, na Tanzania Daima nani hakujua ni la kina Mbowe wa upinzani, wa hapo Hai? Gazeti likidanganya liseme, lisusie, andika kabisa kwamba limedanganya, hapo hata mimi nitakuunga mkono. Ila Tanzania Daima lilipofutiwa leseni Juni 2020 kuna watu walishangilia mbele ya meza yangu, na Agosti 2021 Uhuru nalo likafungiwa siku 14, gazeti la chama tawala chenyewe, na sikumuona hata mmoja wao akishangilia tena.

Na hayo ni makaratasi tu. Mtu je? Azory Gwanda alikuwa anaiandikia Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti na Rufiji. Tarehe 21 Novemba 2017 alifika na gari la watu wasiojulikana hadi shambani kwa mkewe, akamuuliza funguo za nyumba ziko wapi, akamwambia anasafiri, kesho atarudi. Mpaka leo. Mimi hiyo ya funguo huwa inanikata maini, manake ni maneno ya kila siku kabisa, hata baba yako ananiuliza hivyo hivyo. Na Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa na bomu la polisi pale Nyololo, Septemba 2012, akiwa kazini.

Anayetisha watu anasoma hayo majibu yenu, mwanangu. Akiona watu wanacheka anajua huyu hana wa kumtetea, anasogea hatua nyingine. Huyo dada nae ana mama yake, pengine na yeye kaiona stika yako.

Kwa hiyo ifute leo, alafu andika humo humo kwenye grupu, shangazi zako na wajomba wote waone, kwamba huungi mkono mtu kutishiwa. Siasa zako baki nazo, sikuzuii. Na mimi unijibu kwa maneno, usinitumie stika.

Mama yako